Meli moja, majina kibao: kwa nini nchi zinapanga msimamo kabla ya kwenda IMO

Anza na hii namba, 9332810. Ni namba ya IMO, lile shirika la Umoja wa Mataifa la mambo ya meli, ya meli moja ya mafuta, na namba ya IMO haibadiliki tangu siku meli inajengwa mpaka siku inakatwakatwa kuwa chuma chakavu, jina litabadilika, rangi itabadilika, mwenye meli, bendera, vyote vinabadilika ila namba inabaki, na kanuni zinataka iandikwe kwenye bodi ya chombo kwa namna isiyofutika. Unaweza kuichek mwenyewe na kalamu. Zidisha tarakimu sita za kwanza kwa 7, 6, 5, 4, 3 na 2 kwa mpangilio huohuo kisha jumlisha: 63 na 18 na 15 na 8 na 24 na 2, unapata 130. Tarakimu ya mwisho ya jumla lazima ilingane na tarakimu ya saba ya namba, na hapa 130 inaishia na 0 na namba yetu inaishia na 0. Iko sawa.

Sasa fuatilia hiyo namba ilikopita. Aprili 2025 Estonia waliisimamisha hiyo meli ikiwa inaitwa Kiwala, bendera inayodai ni ya Djibouti, Djibouti walipoulizwa wakasema meli hiyo haimo kwenye rejista yetu. Wakaguzi wakapanda wakakuta kasoro 40. Ikakaa wiki kama mbili ikaachiwa. Mwisho wa Septemba mwaka huohuo wanajeshi wa Ufaransa wakaipanda upande wa Atlantiki, safari hii inaitwa Boracay, bendera inayodaiwa ni ya Benin, nayo haikuwa bendera yake kweli. Baada ya siku chache ikaondoka, mafuta yake tumboni, safari ikaendelea.

Mtu akisoma habari kama hiyo lazima aulize kwa nini hawakuishikilia tu, imepandwa mara mbili na watu wenye silaha na sheria mkononi na mara mbili imeondoka. Hapo ndo penye ishu yenyewe, na ukishaielewa hapo utaelewa pia kwa nini nchi zinakesha kupanga msimamo mmoja kabla hazijaenda kwenye vikao vya IMO kule London, maana kwa juu juu vikao hivyo vinaonekana kama watu wanabishana kuhusu koma na nukta.

Baharini kuna nchi za aina tatu kwa meli moja. Kuna nchi ya bendera, kuna nchi ya bandari, na kuna nchi ya pwani ambayo meli inapita mbele yake bila kutia nanga. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa 1982 umempa mamlaka makubwa wa kwanza. Meli inatembea chini ya bendera moja tu, na mwenye bendera ndo anatakiwa ahakikishe chombo ni salama, mabaharia wana vyeti, bima ipo, na kikitokea kitu bahari kuu yeye ndo wa kuchunguza na kushtaki. Mkataba unasema pia lazima kuwe na uhusiano wa kweli kati ya meli na nchi ya bendera, ila haukusema uhusiano wa kweli ni upi hasa. Mwaka 1986 ulitengenezwa mkataba mwingine wa kufafanua masharti ya usajili wa meli, haukupata nchi za kutosha kuuridhia mpaka leo haujaanza kazi. Yaani karibu miaka 40 tundu liko palepale na kila mtu analiona.

Kwenye tundu hilo ndo bendera zimekuwa biashara. Siyo kosa nchi kusajili meli za wageni, na naomba hili lieleweke maana watu wanalichanganya sana: Liberia, Panama na Visiwa vya Marshall ndo rejista kubwa kuliko zote duniani, meli nyingi zilizo chini yao ni nzuri tu na wanazikagua. Tatizo liko chini zaidi. Kuna nchi zimekabidhi rejista yao kwa kampuni binafsi iliyoko nchi nyingine kabisa, kampuni inapata hela kwa kila meli, wakaguzi wachache au hawapo, na meli ikifukuzwa Panama kwa sababu ya vikwazo kesho inaonekana huko. Halafu chini ya hapo tena kuna rejista feki kabisa, tovuti nzuri, nembo ya taifa, vyeti vina mhuri, na serikali ya nchi husika haijui chochote. Hata jina la Eswatini limetumiwa hivyo, nchi isiyo na bahari na ambayo haikuwa hata mwanachama wa IMO.

Hizi meli ndo zinaitwa meli za kivuli. Mtindo wenyewe haukuanza na vita vya Ukraine, mafuta ya Iran na Venezuela yalishasafirishwa hivyo miaka kadhaa kabla, ila baada ya 2022 na hasa baada ya nchi za G7, lile kundi la nchi saba tajiri, kuweka bei ya ukomo ya dola 60 kwa pipa la mafuta ghafi ya Urusi Desemba 2022, idadi ikapanda sana. Tabia zao zinafanana. Zimezeeka, nyingi zimepita miaka 15, zinazima AIS, kile kifaa kinachotangaza meli iko wapi, au zinadanganya mahali zilipo, zinahamishiana mafuta meli kwa meli katikati ya bahari ili asili ya mzigo ipotee, na nyingine zinatumia namba ya IMO ya meli iliyokwisha kukatwa chuma chakavu zamani. Hizo za mwisho ukizipigia ile hesabu ya kalamu zinapita vizuri kabisa, kwa sababu namba ni ya kweli, ila mwenye namba alishakufa.

Kwa nini ni suala la usalama na siyo siasa ya mafuta tu, angalia meli ya Pablo. Tarehe 1 Mei 2023 ililipuka karibu na Malaysia, meli ya 1997, bendera ya Gabon, ilikuwa na mabaharia 28 na watatu hawakupatikana. Bahati ni kwamba haikuwa imebeba shehena. Haikujulikana kuwa na bima ya maana, mwenye meli ni kampuni ya kwenye karatasi yenye meli hiyohiyo moja, ukimtafuta wa kulipa unakutana na anwani ya sanduku la posta. Mkataba wa fidia ya uchafuzi wa mafuta wa 1992 unataka meli inayobeba zaidi ya tani 2,000 za mafuta iwe na cheti cha bima, na kawaida bima hiyo inatoka kwenye klabu 12 za Kundi la Kimataifa, yaani vyama vya bima vya wenye meli wenyewe, ambazo kwa pamoja zinabeba karibu 90% ya tani za meli za bahari kuu duniani. Meli ya kivuli inakuja na cheti cha kampuni ambayo hakuna anayejua kama ina hela. Kwa hiyo mafuta yakimwagika gharama inabaki kwa wavuvi na serikali ya pwani ambao hawakufaidika hata senti na mzigo ule.

Nchi ya bandari inaweza kufanya zaidi, na hapa ndo ushirikiano wa kikanda ulipozaliwa. Baada ya Amoco Cadiz kumwaga mafuta Ufaransa 1978, nchi za Ulaya zikasaini Makubaliano ya Paris 1982, wazo lake ni rahisi tu: meli ya kigeni ikiingia bandarini kwangu naikagua, ikiwa mbovu naizuia mpaka itengenezwe, na matokeo naweka kwenye data ambayo bandari zote za ukanda zinaiona, ili isikimbie hapa ikapumzika kwa jirani. Bandari moja ikiwa kali peke yake meli zinahamia bandari ya pili na wewe umepoteza biashara, kidole kimoja hakivunji chawa. Mfumo huo umeenea, kuna Tokyo, kuna Viña del Mar kwa Amerika ya Latini, Bahari ya Hindi, Abuja kwa Afrika Magharibi na Kati, Karibiani, Mediterania, Bahari Nyeusi na Riyadh, jumla makubaliano tisa, na Marekani wana wa kwao. Bendera zinazozuiwa mara kwa mara zinaingia orodha nyeusi na meli zake zinakaguliwa zaidi.

Ila meli ya kivuli haitaki kuingia bandarini kwako. Inapita tu. Na nchi ya pwani ndo yenye mkono mfupi kuliko wote, kwa sababu sheria inalinda kupita kwa amani. Unaweza kuuliza maswali kwa redio, na Desemba 2024 Uingereza, Denmark, Sweden, Poland, Finland na Estonia zilikubaliana kuanza kuziuliza meli zinazopita kwenye Mlango wa Uingereza, milango ya Denmark na Ghuba ya Finland zionyeshe ushahidi wa bima. Meli ikikataa kujibu? Inaandikwa. Haikamatwi hapohapo.

Eagle S inaonyesha ukomo ulipo kuliko maelezo yoyote. Siku ya Krismasi 2024 nyaya za chini ya bahari kati ya Finland na Estonia ziliharibiwa, ikiwemo ya umeme ya Estlink 2, Finland wakaipanda meli hiyo yenye bendera ya Visiwa vya Cook wakaipeleka kwao na kumshtaki nahodha na maafisa wawili. Oktoba 2025 mahakama ya Helsinki ikasema haina mamlaka ya kuisikiliza kesi, kwa sababu tukio limetokea nje ya maji ya taifa na kisheria ni la nchi ya bendera au nchi wanazotoka mabaharia wenyewe. Unaweza kukasirika, wengi walikasirika, lakini mahakama ilikuwa inasoma sheria iliyopo. Hata meli isiyo na bendera halali kama ile Boracay, mkataba unaruhusu kuipanda kuhakiki utaifa wake, kinachoruhusiwa baada ya hapo ndo wanasheria hawajakubaliana mpaka leo, na nchi nyingi hazina hata kosa kwenye sheria zao linalosema kutembea bila bendera ni jinai.

Basi ukitaka kubadilisha kitu unarudi IMO, Shirika la Kimataifa la Bahari, nchi wanachama 176, makao London pembeni ya mto Thames. Na hapo ndo watu wengi hawajui mambo yanavyokwenda.

Kura ni nadra. Kawaida karatasi inawasilishwa, nchi zinainua vibao vya majina, moja baada ya nyingine zinasema tunaunga mkono au tuna wasiwasi, na mwenyekiti anasikiliza upepo umeelemea wapi kisha anatamka uamuzi. Kwa hiyo idadi ya sauti ina uzito hata bila kura. Nchi moja ikisimama na hoja nzuri sana, ikapata watu wanne wa kuisapoti, mwenyekiti atasema hoja haikupata uungaji mkono wa kutosha, na imeisha hiyo, mpaka kikao kijacho. Lakini nchi ishirini zikiinua vibao mfululizo zinasema kitu kimoja kwa maneno tofauti kidogo, hewa ya ukumbi inabadilika.

Halafu kuna kitu kinaitwa kukubali kwa kimya, nacho ni muhimu kuliko kinavyosikika. Mkataba wa usalama wa maisha baharini, SOLAS, mzizi wake ni Titanic, wa kwanza ulikuwa 1914 na unaotumika sasa ni wa 1974. Zamani marekebisho yalisubiri nchi ziridhie moja moja na mengi yalifia njiani. Siku hizi rekebisho likishapitishwa na kamati linawekewa tarehe, na tarehe ikifika linaanza kazi, isipokuwa kama zaidi ya theluthi moja ya nchi wanachama wa mkataba, au nchi zenye nusu ya tani za meli duniani, zimepinga. Ukikaa kimya umekubali. Nchi ndogo ambayo haikupeleka mtu, haikusoma karatasi, haikuongea na majirani, inaamka siku moja inakuta ina wajibu mpya wa kisheria, na kupinga peke yake hakuzuii chochote.

Na karatasi zenyewe zina saa yake. Pendekezo la kazi mpya linatakiwa kufika wiki 13 kabla ya kikao, na karatasi ya kutoa maoni juu ya karatasi ya mwenzio wiki 7 kabla, isizidi kurasa nne. Mtu anayefikiri atakwenda kupigania hoja yake ukumbini amechelewa zaidi ya mwezi na nusu. Ukumbini kuna wakalimani wa lugha sita, ila kazi ngumu ya kuandika maneno inafanyika kwenye vikundi kazi, na huko ni Kiingereza tu bila mkalimani, na vikundi viwili vitatu vinakaa wakati mmoja. Ujumbe wa watu kumi na tano wanajigawa. Ujumbe wa mtu mmoja anachagua chumba kimoja na vingine anasikia matokeo. Mimi nikiulizwa faida kubwa ya kushirikiana kikanda nitataja hii kabla ya zote, kwamba mnagawana vyumba, wewe kaa kwenye bima mimi nakaa kwenye usajili, jioni tunaambizana.

Waliopanga hili jambo kwa undani kuliko wote ni Umoja wa Ulaya, na mfumo wao una ukali ambao watu wa nje hawautarajii. Umoja wenyewe siyo mwanachama wa IMO, wanachama ni nchi 27 kila moja na kibao chake, Tume ya Ulaya ni mwangalizi tu. Ila mahali ambapo Umoja umeshatunga sheria ya ndani, kwa mfano usalama wa bandari au ukaguzi wa meli, nchi moja moja haina tena uhuru wa kujisemea nje. Baraza linapitisha msimamo, nchi zinaandaa karatasi kwa pamoja, na wakati wa vikao wanakutana pembeni kukumbushana nani anaongea nini. Ugiriki, taifa la meli kuliko wote Ulaya, ilijaribu njia yake. Ilipeleka IMO pendekezo lake yenyewe kuhusu namna ya kukagua utekelezaji wa kanuni za ulinzi wa meli na bandari, Tume ikaishtaki, na Februari 2009 Mahakama ya Ulaya ikasema Ugiriki imevunja wajibu wake. Fikiria hapo, nchi huru, mwanachama kamili wa IMO, imekosea kwa kupeleka karatasi.

Hata hivyo sheria ya namna hiyo haiondoi maslahi. Oktoba 2025 kwenye kura ya IMO ya kuahirisha mpango wa kupunguza hewa chafu za meli, iliyopita kwa 57 dhidi ya 49, Ugiriki na Kupro zilijizuia kupiga kura wakati msimamo wa Ulaya ulikuwa kuendelea na mpango. Hiyo ilikuwa ni mazingira siyo meli za kivuli, lakini inaonyesha msimamo wa pamoja unakatikia wapi: pale ambapo wenye meli wa nyumbani wanabeba gharama.

Kwingine ushirikiano umejengwa kwa makubaliano laini. Kanuni za Maadili za Djibouti za 2009 zilianza na maharamia upande wa magharibi wa Bahari ya Hindi na Ghuba ya Aden, vikawekwa vituo vya kupashana habari Mombasa, Dar es Salaam na Sanaa, na 2017 kwa marekebisho ya Jeddah zikapanuliwa kuingiza magendo, uvuvi haramu na uhalifu mwingine. Hazilazimishi mtu. Lakini mazoea ya kupigiana simu na kuaminiana kuhusu chombo fulani kimeonekana wapi, hayo huwezi kuyanunua siku ya dharura.

Kuhusu meli za kivuli zenyewe, hatua kubwa ya IMO mpaka sasa ni azimio la Desemba 2023, A.1192(33), linaloeleza maana ya meli hizo na kuzitaka nchi za bendera, bandari na pwani zichukue hatua, ikiwemo kuhakikisha meli hazihamishiani mafuta kiholela na zina bima halali. Ni wito, halina meno ya mkataba. Mwaka 2025 Kamati ya Sheria ikakubali kuanza kuandaa mwongozo wa usajili wa meli, yaani wanarudi kwenye lile tundu la 1986 kwa mlango wa nyuma, na kwa maoni yangu ndo mlango sahihi, maana kukamata meli moja moja baharini ni sawa na kufuta maji sakafuni bomba linatiririka.

Makubaliano hayatakuwa rahisi, na siyo kwa sababu kuna wema na wabaya tu. Nchi zenye rejista kubwa zinaogopa masharti yatakayozifanya zishindwe kushindana. Urusi na Iran hazioni kosa, zinasema vikwazo vya upande mmoja siyo sheria ya dunia na meli inayovikwepa haijavunja mkataba wowote wa baharini, na India na China ambao ni wanunuzi wakubwa wa mafuta hayo hawana haraka. Hata wanaozichukia meli hizi wanaogopa mfano watakaouweka: Denmark ina mkataba wa 1857 unaohakikisha njia huru kwenye milango yake, na wakianza leo kusimamisha meli pale kwa sababu ya bima, kesho mwingine atasimamisha meli zao Hormuz au Malacca kwa sababu atakayoibuni mwenyewe. Kila nchi inayoishi kwa biashara ya bahari inalijua hilo. Ndo maana misimamo ya kikanda inakwepa neno kukamata na kung'ang'ania vitu vidogo vinavyopimika, cheti cha bima kihakikiwe na nani, rejista ijibu swali la nchi nyingine ndani ya siku ngapi, meli ikifutwa bendera taarifa iende wapi, nani anathibitisha kwamba rejista fulani ni ya serikali kweli.

Kitu ninachokiona kinasahaulika kwenye misimamo mingi ni watu waliomo ndani. Baharia anapanda meli kwa mkataba wa miezi kadhaa, ikiwa safarini bendera inafutwa, vyeti vyote vilivyotolewa na bendera hiyo vinakuwa karatasi tu, bima inakufa, na yeye yuko katikati ya maji. Kwa mkataba wa kimataifa wa kazi za baharini wa 2006 mabaharia wanahesabika wametelekezwa wasipolipwa angalau miezi miwili au wakiachwa bila chakula, maji au njia ya kurudi kwao, na marekebisho yaliyoanza 2017 yanataka kuwe na dhamana ya kifedha inayolipa mishahara hadi miezi minne na nauli ya nyumbani. Lakini anayetakiwa kuthibitisha kwamba dhamana ipo ni nchi ya bendera. Kwa meli yenye bendera ya uongo hiyo nchi haipo, na bandari nyingi hazitaki hata meli hiyo itie nanga karibu, zikihofia vikwazo na gharama, kwa hiyo mpishi na fundi mitambo ambao hawakuchagua shehena wanabaki ndani ya chombo wanahesabu debe za maji. Kwenye ule mwongozo wa usajili unaoandaliwa, ukanda wowote unaopeleka wafanyakazi wengi baharini una sababu ya kuandika karatasi yake ya kurasa nne kuhusu hawa watu, ikisema wazi meli ikikutwa haina bendera nani anawashusha, nani anawalisha na nani anawalipa.